Riwaya zinanitoka kichwani: kaye (daftari) ya msomaji iandikweje?

"Mwalimu, jambo sana. Nina miaka 43, ninafundisha shule ya msingi hapa Lubumbashi. Ninasoma riwaya tatu au nne kwa mwezi, za Kifaransa zaidi, chache za Kiswahili. Nyingi ni za kuazima, nyingine nanunua zilizokwisha kutumika. Shida yangu ni kusahau. Juzi jirani alianza kunisimulia riwaya yangu mwenyewe niliyomwazima mwezi wa tano. Yeye anacheka, anataja watu kwa majina, mimi nakumbuka jalada la kijani tu. Nimeshaanza kaye mara tatu. Naandika muhtasari wa kila sura kama tulivyofundishwa, kurasa sita kwa kitabu kimoja, na kila mara nikifika kitabu cha tatu naacha. Mtoto wangu mkubwa anasema niweke yote kwenye simu. Tena nyumbani kwetu tuko wengi, sitaki kila mtu asome ninayoyawaza. Niandike kwa lugha gani? Na kama sikumbuki kitu, kusoma kote huku si kupoteza wakati?"

Mama, jambo sana. Maswali ni kadhaa lakini shina ni moja: unaogopa kwamba kitabu ulichokisahau ni kama hukukisoma. Tuanzie hapo, kwa sababu hofu hiyo ndiyo iliyokuandikisha kurasa sita kwa kitabu.

Kusahau kisa si uvivu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri mifuatano ya silabi zisizo na maana, akakaa, kisha akapima itamchukua muda gani kuikariri upya. Alichojifunza kilimmomonyoka kwa kasi katika saa za mwanzo, kisha polepole. Lakini hata mfuatano uliokuwa umemtoka, kuukariri mara ya pili kulimchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo kuna kitu kinachobaki hata pale ulimi unaposhindwa kukitaja. Riwaya ina maana, silabi za Ebbinghaus hazina, na kitu chenye maana hudumu zaidi. Ila mwendo ni uleule. Ukisoma riwaya nne kwa mwezi, kila moja inaikalia iliyotangulia. Kubakiwa na jalada la kijani ni jambo la kawaida kabisa.

Sasa kaye zako tatu. Bila shaka ulikuwa unaandika muhtasari kitabu kikiwa wazi mbele yako: unasoma sura, unaifupisha, unaendelea. Huko ni kusoma mara ya pili, safari hii ukiwa na biki mkononi, na kusoma mara ya pili hudanganya. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, walilipima jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi walisoma matini fupi. Wengine wakaisoma tena, wengine wakaifunika na kuandika walichokikumbuka. Baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: 42 kwa waliosoma tena, 56 kwa walioandika kutoka kichwani. Jasho la kukitafuta kitu kichwani ndilo linalokishikiza. Kurasa zako sita hazikukutoa jasho hilo, zilikutoa jasho la mkono tu.

Kuna jambo kubwa zaidi. Kisa kinapatikana tena siku yoyote: kitabu kipo, jirani yupo, nyuma ya jalada kuna maelezo. Kile ambacho hakipatikani popote ni wewe wa mwezi wa tano ulipokuwa ukurasa wa 140, ulimchukia nani, ulitaka kufunga kitabu wapi, ulidhani mwisho utakuwaje. Hicho kisipoandikwa kimekwenda. Hata kinachobaki hugeuka sura. Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha hivyo mwaka 1932: aliwapa wasomaji wa Cambridge hadithi ya wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawaomba waisimulie tena na tena. Walichokiona kigeni walikiacha au walikibadilisha kifanane na mambo ya kwao, mtumbwi ukawa mashua. Hawakuwa wanadanganya, ndivyo kumbukumbu inavyotengeneza upya kilichomeguka. Nasi tunayafanya hayohayo kwa hisia zetu wenyewe. Ukishajua kwamba mjomba ndiye muuaji, utaapa kuwa ulimshuku toka sura ya pili.

Basi kaye yako iache kuwa muhtasari wa kitabu, iwe rekodi ya mkutano wako na kitabu. Kwa kazi hiyo ukurasa mmoja unatosha, na dakika 15.

Unaposoma. Kitabu cha kuazima hakiandikwi ndani, hata kwa penseli. Kata karatasi ya A4 vipande vinne, kimoja kiwe alama yako ya kushikia ukurasa. Ukikutana na kitu, andika namba ya ukurasa, mahali ulipo na maneno matatu: "112 juu, mama anadanganya". Yasizidi matatu. Ukianza kuandika sentensi nzima, umeshatoka ndani ya riwaya.

Ukifika katikati, simama. Hatua hii wengi huiruka, nami naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Fungua kaye, andika mistari mitatu: naona itaishaje, niko upande wa nani, nini kinanichosha. Tia tarehe. Mwaka 1975 mtafiti Baruch Fischhoff alionyesha kwamba mtu akishaambiwa tukio limeishaje, huliona kama lililokuwa wazi toka mwanzo. Mistari hiyo mitatu ndiyo shahidi pekee asiyegeuzwa na mwisho wa kitabu.

Ukimaliza, usiandike usiku huohuo. Mwisho bado unakuwakia machoni: mwisho mzuri utakusamehesha kurasa mia za kuchosha, mwisho mbaya utazifunika mia nzuri. Lala. Kesho yake, kitabu kikiwa kimefungwa na kiko mbali na mkono, andika. Usiache zipite siku tatu, kwani majina huanza kuondoka.

Juu ya ukurasa weka mambo makavu: namba ya kitabu (1, 2, 3 bila kurudi nyuma), jina la riwaya, mwandishi, lugha iliyoandikiwa, mfasiri kama yupo, mwaka kilipotoka mara ya kwanza na mwaka wa nakala uliyoshika, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kimetoka kwa nani. Hilo la mwisho litakuokolea urafiki. Miaka hiyo miwili hutofautiana mara nyingi, na kila mmoja una kazi yake. Wa kwanza unakuambia mwandishi alikuwa anaishi wakati gani. Wa pili unakuambia namba zako za kurasa ni za nakala ipi, maana ukurasa wa 112 katika toleo moja ni wa 97 katika jingine.

Mfasiri usimsahau. Chukua "Peponi": Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994, Kiswahili chake ni cha Ida Hadjivayanis, kilichotoka mwaka 2022. Ukiandika "lugha yake tamu sana", utamu huo ni wa nani? Usipoandika jina la mfasiri, baada ya mwaka hutajua umemsifu nani.

Chini yake ndipo mwitikio unapokaa, mistari kumi hivi. Usijiulize "kitabu kinahusu nini". Swali hilo linakurudisha darasani. Jiulize: nikifumba macho naona picha gani? Nilibadilisha mawazo juu ya nani, wapi? Ni wapi sikuamini? Ni wapi niliruka mistari? Jibu mawili au matatu tu, yale yanayokuja yenyewe. Kisha fungua kitabu, sahihisha majina, na nakili sentensi moja neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na ukurasa wake. Iwe moja. Anayenakili kumi hajachagua.

Tofauti utaiona hapa. Tuseme riwaya ni ya mjane anayerudi kwa wakwe zake kudai nyumba. Fishi ya shule, yaani ule muhtasari wa sura kwa sura, ingesema: "Sura ya kwanza, mjane anafika kijijini. Sura ya pili, anakutana na shemeji." Kaye ninayokuambia ingesema: "Hadi uk. 80 nilikuwa upande wa mjane. Alipouza mbuzi wa mama mkwe nilimkasirikia, nikafunga kitabu siku mbili. Picha: funguo ndani ya chungu cha unga. Shemeji simwamini, anaongea kama wakili. Katikati nilidhani atapata nyumba. Hakuipata, na nilifurahi, sijui kwa nini." Fishi ile inafaa riwaya mia. Hii inafaa moja tu, na msomaji mmoja tu.

Baada ya mwezi hivi, rudi. Kabla ya kusoma ulichoandika, simulia kisa kwa sentensi tatu, kwa mdomo tu, hata jikoni. Kisha soma, na ongeza neno kama lipo. Lililoandikwa zamani halifutwi wala halisahihishwi, hata likikuaibisha. Jipya linawekwa pembeni na tarehe yake. Kwa sababu hiyo kila riwaya ipewe kurasa mbili zinazotazamana: wa kushoto wa siku ya kusoma, wa kulia uachwe mtupu kwa ajili ya marudio. Kaye ya kurasa 200, ukitoa 8 za mwanzo kwa faharasa, inachukua riwaya 96. Kwa mwendo wako hiyo ni miaka miwili na zaidi.

Faharasa nayo ni lazima, la sivyo baada ya kitabu cha hamsini kaye inakuwa kisima. Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke alichapisha njia yake ya kupanga faharasa mwaka 1686, kwa Kifaransa, nayo inaikubali lugha yetu kuliko hata za kwake. Neno la kutafutia, mada au jina la mwandishi, unalipanga kwa herufi yake ya kwanza na irabu ya kwanza inayofuata. Ndoa inakwenda N-o, kisasi K-i, uchawi U-a, deni D-e. Locke alitumia herufi 20 na irabu 5, nafasi 100 jumla, akaziacha K, W na Y kwa kuwa hakuzihitaji. Sisi tukiziacha hizo tumekwisha! Kiswahili kina herufi 24 ukihesabu CH kama moja. Mara irabu 5 ni mistari 120, kurasa nne au tano. Andika kila kichwa mwanzoni mwa mstari, kisha ongeza namba za vitabu kadiri unavyosoma: "D-e: deni 4, 19, 31". Majina ya Kifaransa yanayoanza na C yatie CH, ya Q yatie K, ya X yatie S.

Tahadhari moja. M-a itajaa kabla ya nyingine zote, kwa sababu mapenzi, mauti, mama, mjane na mganga wote wanaingia humo. Ipe mistari minne toka mwanzo. Waandishi wetu wa Kongo nao wana majina ya kwanza na ya baadaye. Chagua lile lililo kwenye mgongo wa kitabu na usibadilishe. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi, alikuwa Valentin-Yves, kisha wakati wa "authenticité", siasa ya Mobutu ya kuacha majina ya kigeni, akawa Vumbi Yoka, akabaki V. Y. kwa namna zote mbili. Ukimtafuta kwa jina la kwanza utazunguka, M-u inatosha.

Nyota na maksi juu ya 20, kama zile unazowapa wanafunzi wako, mimi sizipendi. Mwezi wa kwanza mtu hugawa kwa ukali, mwezi wa sita kila kitabu kina 14. Ukitaka kipimo, linganisha: "kimenishika kuliko namba 17, si kama namba 9". Au jibu swali moja: ningekisoma tena, ndiyo au hapana. Na ukiacha kitabu njiani, kiandike nacho, pamoja na ukurasa ulipoishia na sababu. Vilivyoachwa humwonyesha msomaji ladha yake kwa uwazi kuliko vilivyomalizwa.

Mtoto wako na simu yake ana hoja, tumsikilize. Simu inatafuta neno kwa sekunde, haihitaji faharasa, na unaandika ukiwa umesimama kwenye foleni. Lakini inaibiwa, inaanguka, inazimika umeme ukikatika, na ikibadilishwa maandishi hubaki kwenye ile ya zamani. Tena ukiifungua ili uandike kuhusu riwaya, unakuta ujumbe kumi na moja wa familia. Kujitumia mwenyewe ujumbe kwa WhatsApp inaruhusiwa toka mwaka 2022 na ni nyepesi, ila yote yanashuka kama mto, kitabu cha leo kinasukuma cha jana. Sauti iliyorekodiwa ni nzuri kwa asiyependa kuandika, dakika mbili zinatosha, lakini huwezi kutafuta neno ndani yake. Basi angalau namba ya kitabu na jina viandikwe. Kwako wewe ningechagua kaye iwe mama, simu iwe ghala: mara moja kwa mwezi piga picha kurasa mpya na uzitume kwenye barua pepe yako. Picha chache hazimalizi mega za intaneti.

Kaye ichague iliyoshonwa katikati kwa uzi, yenye jalada gumu. Zilizogandishwa kwa gundi tu huachia kurasa, na za waya hunasa kwenye mfuko na kupinda. Andika kwa biki ya kawaida: wino wake una mafuta, ukilowa hausambai kama wino wa maji. Penseli nayo haiogopi maji. Msimu wa mvua, toka mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, usiiweke sakafuni wala kuiegemeza ukuta wa nje, na usiifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Unyevu ulioingia hautoki, ukungu unaanza. Mchwa nao unawajua.

Lugha? Ile unayoitumia ukikasirika. Kama kitabu ni cha Kifaransa lakini hasira yako ni ya Kiswahili cha Lubumbashi, andika hicho, pamoja na maneno ya Kifaransa yaliyomo ndani yake, bila kukinyoosha kiwe Kiswahili bora. Ukianza kunyoosha, unaanza kuandikia mkaguzi. Sentensi unayonakili tu ndiyo ibaki katika lugha ya kitabu; usiitafsiri, kwa kuwa tafsiri yako ya leo si utakayoitaka kesho.

Kuhusu macho ya wengine, usijitungie maandishi ya siri. Baada ya mwaka wewe mwenyewe hutayasoma. Kuna njia rahisi. Pale kitabu kinapogusa jambo la nyumbani kwako, andika ukurasa na neno moja: "uk. 203, hapa". Atakayefungua kaye hataona kitu, nawe ukifungua kitabu utaona yote. Kwa kitabu cha kuazima, ongeza maneno matatu ya mwanzo ya aya hiyo ili uipate katika nakala nyingine. Majina ya watu unaoishi nao yasiingie kabisa. Na juu ya jalada andika "Vitabu", neno ambalo katika nyumba nyingi halimvuti mtu.

Kaye haitibu kila kitu. Baada ya miaka 40 macho ya karibu ya watu wengi huanza kudhoofika. Kama unasogeza kitabu mbali, kichwa kinakuuma ukisoma jioni, au unarudia mstari uleule mara tatu, huenda kinachokosekana ni miwani. Mwone daktari wa macho. Kama unachosahau si riwaya tu bali majina ya wanafunzi uliowazoea, sufuria iliyo motoni, njia ya kurudi nyumbani, au kama usingizi umekukimbia na furaha ya kusoma imekwisha kwa majuma, nenda kwa daktari ana kwa ana umweleze, na umtajie dawa zote unazotumia. Na riwaya za vita: ikiwa ukurasa unakupandisha mapigo ya moyo na usiku ndoto zinarudi, funga kitabu, andika namba na ukurasa basi, usijilazimishe kuandika mwitikio. Hilo ni la kuzungumza na mwanasaikolojia au daktari unayemwamini, mkiwa uso kwa uso.

Usijaribu kujaza vitabu vya miaka iliyopita. Huko ndiko kaye ya nne itakakofia. Namba 1 iwe ile ya jalada la kijani. Leo, kabla hujamwomba jirani akurudishie, andika kila unachokikumbuka, hata kama ni rangi tu, na tarehe. Kisha mwache akusimulie, na yale yatakayokurudia akiwa anasema yaandike ukurasa wa kulia.